Spika Iliyokaushwa Motoni

Niliingia bendi ya wilaya kwa njia ya digrii. Nilikuwa nimerudi Biharamulo kutoka chuo kikuu, nasubiri kupangiwa kazi, na mpiga besi wao alikuwa ameshakwenda vitani. Mpiga solo, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi, aliniangalia vidole, kisha akaniuliza nimesomea nini. Nikamjibu, sayansi ya siasa.

"Mpeni besi," akawaambia wenzake. "Ina nyuzi nne tu. Hata akikosea, atakosea kidogo."

Nilikosea sana. Lakini vyombo vile nilivipenda kuliko nilivyoweza kuvipiga. Gitaa la solo lilikuwa jekundu, rangi imechubuka pale mkono wa mwenyewe ulipozoea kuegemea. Amplifaya yake ilikuwa ya zile za taa za kioo: ukiiwasha haisemi kitu mpaka taa zishike moto, na ukichungulia kwa nyuma unaziona zikiiva taratibu kama makaa. Chini ya mguu wake ilikaa pedali. Akiikanyaga kwa ncha ya kiatu, gitaa lilifumbua na kufumba mdomo kama mtu anayelalamika. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Sisi wengine, mimi wa besi na mwenzangu wa rithim, tulichangia spika moja kubwa, sanduku la kimo cha kifua, na humo rithim yake nzuri ilifunikwa na makosa yangu.

Nyuzi mpya hazikuwepo madukani, kama vile sabuni isivyokuwepo. Nyuzi za besi tulizichemsha kwenye sufuria zitoke jasho na uchafu, zikarudi na sauti yake. Uzi mwembamba wa gitaa ukikatika, tulichambua waya wa breki ya baiskeli. Siku hizi naona wapiga gitaa wenye pedali zimetandazwa miguuni kama dagaa juani, nami nawasikiliza kwa heshima zote. Ila sijaona bado anayechemsha.

Mpiga rithim alikuwa mtu mpole wa Nyakisasa, na alikuwa amejiandikisha mgambo kwenda mpakani. Niseme mapema kwamba alirudi mzima, ili msomaji asikae roho juu. Yeye mwenyewe hakuzungumzia risasi. Kilichomkera ni kwamba mama yake hajawahi kumsikia akipiga. Marehemu baba yake alikuwa mpiga ngoma aliyealikwa kupiga mpaka kijiji cha mbali cha Mbuba, na mama yake aliamini gitaa ni kazi ya watu wanaokimbia jembe.

"Ngoma hupigwa mtu akioa," alikuwa akimwambia. "Hilo lako hupigwa mtu akilewa."

Kwa hiyo alituomba jambo moja: kabla lori la jeshi halijamchukua, tupige kijijini kwao, mama asikie. Hata wimbo mmoja.

Wakati ule wa vita kuwasha taa usiku kulikatazwa, hivyo dansi zetu zote zilikuwa za mchana. Tulilala Lusahunga ili tuwahi kabla ya lori la jeshi, na asubuhi mvua ikatushika njiani. Turubai la lori letu lilikuwa limetangulia vitani. Amplifaya ya solo ilisafiri mbele na dereva, kwenye kiti ambacho kwa usomi wangu nilidhani ni changu. Nyuma, mimi nililikumbatia gitaa langu ndani ya koti. Ile spika kubwa hatukuwa na koti la kuienea. Tulifika Nyakisasa inachuruzika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mmelowa mpaka vyombo!"

Tuliishusha spika nyumbani kwake, tukaenda sote kuazima jenereta la misheni. Kulisukuma lile jenereta kwenye tope kulituchukua muda mrefu. Tuliporudi, tulimkuta mama amekoka moto mkubwa uani, amelielekeza motoni lile sanduku, naye analigeuza kidogo kidogo kwa mikono yote miwili, kama alivyokuwa akizigeuza ngoma za mumewe miaka yote. Kule ngoma haipigwi kabla haijaota moto, ngozi ikaze.

"Ililegea," alimwambia mwanawe, uso unang'aa kwa joto. "Nimeibonyeza kwa kidole, ngozi yote teketeke. Ngoma imelowa namna hiyo mnaipigaje? Baba yako angewacheka."

Nilichungulia. Ile koni ya karatasi inayotoa sauti ndani ya spika ilikuwa imekauka, ikajikunja, ikapasuka kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati. Uani kote kulinuka gundi.

Mwanawe alifumba macho. Ilikuwa mara ya kwanza mama yake kuweka mkono kwenye chombo chake chochote. Sote tukamgeukia mpiga solo. Huyu bwana aliwahi kunishusha lorini kwa sababu nilikalia amplifaya. Aliinama, akapitisha kidole kwenye ule mpasuko, akanyanyuka.

"Imekaza, mama," akasema. "Asante. Sisi tungesahau."

Kiwanjani, mama akiwa bado ndani anavaa, tukaijaribu. Besi ilitoa sauti ya mbuzi anayekoroma ndani ya debe.

"Tuache besi," nikapendekeza, kwa moyo mweupe kabisa.

"Na mama akae mbele ya sanduku lake limenyamaza?" mpiga solo aliniuliza. Akachomoa waya wa gitaa lake kutoka kwenye amplifaya. "Nyinyi wawili ingieni kwangu. Matundu ya waya yapo mawili."

"Na wewe?" mpiga rithim akauliza.

Kwa kidevu alilionyesha sanduku lililopasuka. Kisha, kwa ubavu wa kiatu, akaisukuma pedali mpaka mbele ya miguu ya mpiga rithim.

Tukaanza. Lile gitaa jekundu, lenye sauti tuliyozoea kuifananisha na kinanda cha kanisani, lilitoka limekwaruza, limepata mafua, linanguruma. Vijana waliokuwa na redio wakapiga kelele: "Mzee anapiga roki!" Mzee alikuwa akituambia kila siku kwamba ile ni sauti ya watu waliovunjikiwa chombo. Sasa alikuwa amevunjikiwa kweli, na alivyolipiga! Hakushindana nao ule mkwaruzo. Alipiga maneno machache, mazito, ya chini, kama mtu anayeitikia hadithi ya mwingine. Na juu yake rithim ilipita safi, kila uzi na neno lake. Nilikuwa nimesimama kando ya yule mtu miezi yote ile, na ndiyo kwanza namsikia.

Mama alikaa karibu na sanduku lake, kiganja juu yake, anatikisa kichwa. Halafu akasimama. Akaifuata ile sauti nyingine mpaka kwenye amplifaya ndogo, akaitegea sikio, akaniuliza kwa Kihangaza, lugha ya kwao:

"Huyu anayesema humu ni nani?"

"Mwanao, mama."

"Peke yake?"

"Nami nimo kidogo."

"Wewe nakusikia," akasema, na hakufafanua.

Lori la jeshi likafika tungali katikati ya wimbo, likapiga honi, likasimama huku linanguruma kiasi cha kumeza vyote. Mgambo wengine waliokuwa wakicheza wakakimbilia mabegi yao. Mpiga rithim akaondoa mkono kwenye nyuzi.

"Mbona unaacha?" mama akamkaripia. "Haujafika mwisho."

Akakaza kanga kiunoni, akaenda mpaka kwenye mlango wa dereva.

"Zima hiyo, baba," akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mwanangu hajamariza."

Dereva alimtazama mkubwa wake aliyekaa kando yake. Mkubwa wake alikuwa akikiangalia kiatu cha mpiga rithim juu ya pedali, kama anayengoja kiendelee. Dereva akazima.

"Toka mwanzo," mpiga solo akasema.