Nguo Safi za Walio Misri

Baba alipopata nafasi ya kwenda Misri kusomea ualimu, nyumba nzima ilipiga vigelegele isipokuwa mimi. Safari yenyewe ilikuwa ya miaka miwili, na mama aliruhusiwa kufuatana naye pamoja na wadogo zangu wawili, wa kike na wa kiume. Mimi nilikuwa darasa la mtihani, basi ikaamuliwa nibaki na shangazi. Nilinuna tangu siku hiyo mpaka bandarini. Mama nilimpa mkono kama namuaga jirani, akalia, na mimi nikaona afadhali amelia.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Alifiwa na mume kabla sijazaliwa, akarudi kukaa nasi katika nyumba aliyoiacha babu, pale Mjini. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, vyumba vinne na ukumbi, na dari juu ya kuanikia. Ulimi wa shangazi haukuwa na mlango. Muuza samaki akimwona anakuja alikuwa akianza kupunguza bei kabla hajaulizwa.

Hazikupita siku nyingi zikaanza maneno ya mtaani. Miaka ile, baada ya Mapinduzi, majumba mengi ya Mjini yalikuwa yamehamwa, na nyumba ikionekana haina watu, kamati ya mtaa iliwatia wasio na makazi. Sisemi kwamba ilikuwa vibaya. Kule Ng'ambo, upande wa pili wa mji, watu walikuwa wakilala wamebanana kama dagaa, na wao ni waja wa Mungu pia. Lakini sisi hatukuhama! Baba alikwenda kusoma tu. Jirani mmoja akamwambia shangazi waziwazi, "Bi, waliokwenda hawarudi. Nyumba hii nshaihesabu imekwenda."

"Imekwenda wapi, ina miguu?" shangazi akamjibu. Lakini aliporudi ndani alikaa kitako jikoni, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana khofu. Akaniambia, "Mwanangu, baba yako akirudi akakuta nyumba ina wenyewe wengine, mimi ntautia wapi uso wangu?"

Basi akapata akili yake. Jumatatu na Alkhamisi tulikuwa tunafungua sanduku, tunatoa nguo za walio Misri, tunazifua na kuzianika darini, upande wa njiani, ili kila apitaye azione. Kanzu ya baba, kanga za mama, vikanzu vya mdogo wangu, na gauni la manjano la mdogo wangu wa kike. Nguo safi! Nilikuwa natoka skuli nimechoka, naambiwa nifue nguo ambayo haijavaliwa na mtu tangu nilipoifua juzi.

"Shangazi, tunafua uchafu gani?"

"Unafua macho ya watu. Sugua."

Kwenye ngazi aliweka makubadhi ya baba, na kila asubuhi aliyageuza upande, yaonekane yamevuliwa jana. Hata sauti alizipandisha. Alikuwa akiita majina ya wadogo zangu kwa dirishani, waje wale, kisha anajijibu mwenyewe, "Naam!" kwa sauti nyembamba. Mimi mbavu sina. Lakini mtaa ulituacha, mwaka ukapita, na nikaanza kuamini kwamba shangazi yangu ameishinda dunia.

Njia ya mwongo fupi. Siku moja baada ya Idi Kubwa akabisha hodi mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Alikuwa mtu mpole, ana watoto wengi kama vifaranga. Akaamkiana na shangazi vizuri, akakataa kukaa, akanyoosha kidole kule juu darini.

"Bi, nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Lile gauni la manjano la nani?"

"La mtoto wa ndugu yangu."

"Mwaka sasa naliona, gauni ni lile lile. Mtoto wangu mimi, la Idi Ndogo halimtoshi Idi Kubwa. Huyu wenu hakui?"

Lo! Nilitamani ardhi inimeze. Sisi wawili, na akili zetu zote, hatukukumbuka kwamba watoto hukua. Shangazi akainua uso darini, akalitazama lile gauni kama ndiyo kwanza analiona.

Mwenyekiti hakufurahia, na hilo nalikumbuka kwa heshima. Alisema kwa sauti ya chini kwamba vyumba vilivyo wazi vitatiwa watu baada ya sala ya Ijumaa. Kuna familia zinangoja. Akishaingia mtu kwa cheti cha kamati, hata baba akirudi, nyumba haitakuwa yake tena peke yake.

"Ukikuta hakuna chumba kilicho wazi?" shangazi akauliza.

"Basi sina wa kumtia, Bi. Mimi natafuta nafasi, sitafuti ugomvi."

Alipoondoka nilidhani shangazi atalia. Alijifunga buibui. "Nusu shari kuliko shari kamili," akasema, akatoka mbio kuwahi gari la shamba, la Makunduchi, pale Darajani. Mama yao yeye na baba, yaani bibi yangu, alikuwa mtu wa huko, na jamaa zake wako tele. Kwa miaka mingi walikuwa wakituomba tuwachukulie watoto wasome Mjini, na shangazi huyu huyu alikuwa akisema nyumba haipokei wageni wa kudumu.

Alkhamisi jioni gari likashusha mlangoni petu ukoo mzima. Binamu yake shangazi na mkewe na watoto wao, mtoto wa mwisho bado ananyonya. Jamaa yao mwingine, mjane, na binti zake. Mikungu ya ndizi, magodoro, kuku waliofungwa miguu. Watoto walisema Kikae chao harakaharaka, nikaambulia neno moja katika matano, na wao wakaniona mimi ndiye nisiyejua kusema. Mpaka isha ilipoadhiniwa, kila chumba kilikuwa na mwenyewe.

Ijumaa mwenyekiti alikuja. Akafungua mlango mmoja, akakuta mke wa binamu ananyonyesha, akaomba radhi akaufunga. Mlango wa pili hakuufungua. Alisimama ukumbini, kuku anampitia miguuni, akaanza kucheka mpaka akajishika ubavu. "Bi, umenishinda," akasema. Shangazi akampa kahawa na halua, na siku ile alikaa.

Tuliishi hivyo mwaka mzima, na nakwambia haikuwa raha. Choo kwa zamu, maji kwa zamu, hata kusoma kwa zamu. Nililalamika sana. Shangazi hakulalamika hata siku moja, na nilipokuwa mkubwa ndipo nilipozidi kumstaajabia: yule aliyekuwa akigombana kwa samaki mmoja aligawa nyumba nzima akicheka.

Halafu wakarudi. Adhuhuri moja nilisikia sauti ya baba chini, nikashuka ngazi mbili mbili, nikamrukia mama shingoni mbele ya watu wote. Wadogo zangu walikuwa wamerefuka, wananiamkia kwa haya. Baba alikuwa na suti ya kijivu na masanduku. Akapanda juu, akasukuma mlango wa chumba chake, akaona kitoto kimelala kitandani pake na nepi zimetandazwa kwenye meza yake. Akarudi ukumbini amebung'aa.

"Dada," akasema, "chumba changu?"

Shangazi alikuwa ameshika kawa ya kufunikia chakula mkononi, hakujua aiweke wapi.

"Nyumba nimekuwekea, ndugu yangu. Chumba sikuweza."

Baba akatazama pembeni mwa ngazi, palipokuwa na mkeka umekunjwa na mto juu yake. Akauliza ni nani anayelala pale penye upepo.

"Mimi," shangazi akasema. "Tangu waje."

Baba akaukunjua ule mkeka, akakaa juu yake na suti yake, akainamisha kichwa akalia, machozi ya mtu mzima, bila ya kujificha. Shangazi akakaa karibu yake, akamfuta uso kwa ncha ya kanga, akamwambia anyamaze, wageni watasema sisi watu wa Mjini hatuna adabu.