Udi ulivyomponza Nabiha wa Kuze

Saa tatu kasorobo asubuhi, Nabiha Abdulbasit anahangaika mlangoni pa chumba chake mtaani Kuze, Mji wa Kale, anatafuta ufagio. Hauoni. Jirani yake, Dama, aliuchukua siku tatu zilizopita pamoja na chetezo cha udi, akavifungia kabatini kwake.

"Namjua huyu," anasema Dama, muuza mahamri wa nyumba ya pili, mikono ingali na unga. "Nikimwachia chetezo, afisa atakuta kwanukia kama kwa bibi harusi. Kisha tulie tena."

Afisa anayesubiriwa anatoka kwenye baraza linaloamua kesi za wapangaji na wenye nyumba. Nabiha, mwenye umri wa miaka 38, anadai fidia. Ukungu mweusi wa ukutani umemharibia magauni kumi na manne ya harusi aliyokuwa akiyakodisha, na kifua chake kimeanza kubana. Ukaguzi wa leo ni wa pili. Baraza limemwambia hakutakuwa na wa tatu.

Na ule wa kwanza aliuharibu yeye mwenyewe.

Asiyejua malezi ya Mji wa Kale atacheka. Nabiha alipoambiwa kwamba mgeni anakuja, aliamka na alfajiri, akausugua ukuta kwa sabuni na ndimu, akatandika busati, akafukiza udi, akateleka kahawa. Afisa, Bwana Mung'aro, aliingia, akaisifu harufu, akanywa vikombe viwili na kuandika alichokiona: chumba kisafi chenye hewa nzuri.

"Mgeni yuwaja kwangu, nimpokee kwa uvundo?" anauliza Nabiha. "Mamangu angefufuka anitie kofi. Na kazi yangu mimi ni kupamba maharusi! Kunukia ndiyo kazi yenyewe."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, mwenyeji akazidi kuugua.

Kazi ya kukodisha magauni aliianza na gauni moja tu, la harusi yake mwenyewe. Shoga yake aliliazima, kisha dada wa shoga, kisha mtu asiyemjua kabisa, ndipo alipojiuliza kwa nini asilikodishe. Alipofikisha magauni kumi na manne, kila moja lilimwingizia Sh6,000 kwa harusi, na misimu ya Idi hakuwa akipata hata nafasi ya kujikuna.

Mwaka jana bibi harusi mmoja alilivua gauni katikati ya kupambwa. Mgongoni lilikuwa na madoadoa meusi, na lilinuka kama tambara lililosahauliwa ndani ya ndoo.

"Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani," anasema Nabiha. "Wanawake wote waniangalia, mimi na gauni langu."

Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imekwisha kuzunguka Kuze nzima. Sasa anabadilisha zipu na kupinda nguo za watu, na siku ikiwa njema hupata Sh400. Daktari alimshauri akihame chumba. Ahamie wapi, na kwa pesa gani?

Mwenye nyumba, Bwana Zein, anaishi ghorofa ya juu. Amemjua Nabiha tangu akiwa mtoto wa madrasa, na Nabiha humwita Ami, kama ndugu wa babake. Kesi ingekuwa nyepesi zaidi kama angekuwa mtu baki.

"Nabiha ni mwanangu," anasema mzee huyo. "Nyumba hii ni ya mawe ya kale, yatoka jasho. Naye kutwa apiga pasi ya mvuke. Kodi sijampandishia miaka sita. Leo anipeleka barazani?"

Nabiha anashikilia kwamba maji yanateremka kutoka juu. "Nilimwambia kwa adabu, nikamwambia kwa kulia. Kila mara jibu ni inshallah."

Dakika chache kabla ya afisa kufika, Bwana Zein anashuka ngazi taratibu. Mkononi ana chetezo chake. Makaa yamekolea, udi unafuka.

"Shika, mwanangu," anasema. "Ugomvi wetu ni wetu. Mgeni asikute nyumba ya watu yanuka."

Majirani wanachungulia milangoni. Kama huu ni ujanja au ni ukarimu, hakuna ajuaye. Huenda hata Bwana Zein mwenyewe hajui. Kumrudishia mzee udi wake mbele ya watu ni kumvunjia heshima, na Nabiha hajawahi kumvunjia. Anakipokea kwa mikono miwili. Moshi unaanza kuelekea ndani.

"Mficha uchi hazai!" Dama anapaza sauti kutoka kwenye karai lake.

Nabiha anainama, anakiweka chetezo nje, kando ya ngazi, kisha anauvuta mlango.

"Ahsante, Ami. Leo niwache na aibu yangu."

Mzee anaketi ngazini.

Bwana Mung'aro anapofika, mlango unafunguliwa. Kwa siku tatu, hadi asubuhi hii, chumba kilikuwa kimefungwa, Nabiha akilala kwa Dama. Afisa anapiga hatua moja, anarudi nyuma, anatoa kitambaa na kuziba pua. Nabiha anajifunika uso kwa mtandio.

"Bi Nabiha, hiki ndicho chumba kile kile?"

"Ndicho. Siku ile nilikificha. Nisamehe."

Afisa anaugusa ukuta. Kiganja kinatoka cheusi, kimelowa. Anatazama dari.

"Juu ya hapa kuna nini?"

Nabiha anamwachia Ami aseme. Hata Dama, jambo ambalo si la kawaida, anamwachia. Bwana Zein anayatazama makubadhi yake, halafu anajibu mwenyewe.

"Bafu langu."

Afisa anaandika.

Uamuzi utatolewa mwezi ujao, na Nabiha hana uhakika nao. Akilipwa, atatafuta chumba cha ghorofani, hata kama ni Tononoka, nje ya Mji wa Kale, aanze upya na magauni matatu. "Nataka chumba ambacho upepo waingia huku, watokea huku," anasema. Anaogopa kushindwa. Anakiri kwamba anaogopa kushinda pia, maana Ami atabaki kuwa Ami.

Adhuhuri anamwaga majivu ya chetezo cha mzee, anakifuta kwa upindo wa leso, anapanda nacho ngazi kumrudishia kwa mkono wake. Akishuka anamkuta Dama mlangoni, kamletea ufagio na chetezo chake. Ufagio anaupokea. Chetezo anakirudisha.

"Kaa nacho, shoga. Nikifukiza hapa patanukia, nami ntasahau kuhama."