Karti Iliyojua Jina Langu

Tangu binti yetu Grâce azaliwe, hakuna anayeniita Faustin hapa Bunia. Nyumbani, kanisani, sokoni, mimi ni Papa Grâce tu. Ndiyo maana nilipotea.

Duka moja karibu na soko lilianza kuwapa wateja karti ya zawadi. Dada wa kwenye kese, pale tunapolipia, aliandika jina langu, namba ya simu na siku ya kuzaliwa. Kesho yake nikamwonyesha karti, akaisoma: "Bonjour, Faustin!"

Jamani, moyo uliruka. Nilirudi kila asubuhi kununua kipande kimoja cha sabuni ili tu nisikie jina langu. Mke wangu akauliza kama tunafungua duka la sabuni. Mimi kichwani nilishaona mapenzi.

Juzi akanipigia simu: "Faustin, ni mwezi wako wa kuzaliwa! Kuja leo saa kumi, tumekuwekea kitu."

Nikavaa koti la harusi, nikajipaka marashi mpaka mbuzi wa jirani akapiga chafya.

Kufika, nikakuta mstari wa wanaume, wote na makoti, wote wananukia. Kila mmoja anapewa kilo ya sukari. Dada akachukua karti nyingine kwenye rundo alilokusanya, akaita kwa sauti ile ile tamu:

"Anselme!"

"Niko hapa, mupenzi!" mtu akajibu nyuma yangu.

Nikageuka. Alikuwa baba mkwe wangu.

"Papa Grâce," akanong'ona, "weye unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kununua sabuni, baba."

Akainamisha kichwa. "Na miye. Kwangu zimeshajaa kartoni mbili."