Viatu Vyangu Kwenye Mkeka wa Marehemu

Mpaka leo nikiona mtu amekanyaga visigino vya raba akazigeuza ndala, damu inanichemka. Watoto wangu wanalijua hilo. Wakinisikia nafungua mlango, wanainama haraka kuvipandisha. Wanadhani mama yao ana ukali wa bure, na mimi sijawahi kuwaeleza vizuri.

Viatu vyangu nilivichagua mwenyewe, Mwigobero, pale mitumba inapomwagwa kwenye turubai jirani na wauza dagaa. Biashara yangu ni dagaa. Nanunua pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, nauza sokoni Bunda, na nyumbani kwangu ni Mwitongo, Butiama, nilikoolewa. Miguu yangu ilikuwa na kazi tatu. Alfajiri nilikimbia kwenye vijia vya mawe nyuma ya nyumba, kwa sababu nimekimbia tangu nikiwa shule kwetu Buhare na sikuona kwa nini niache eti kwa kuwa nimezaa. Mchana nilitembea shambani na kisimani. Siku za biashara nilisafiri, natoka kwenye tope la mwaloni na kuingia garini hivyo hivyo. Jozi tatu sikuwa na uwezo nazo. Nilitaka moja itakayofanya yote bila kunitia malengelenge wala aibu.

Kwa hiyo sikukurupuka. Nilizunguka turubai lile wiki kadhaa. Kila raba niliikunja: ikikunjika katikati kama chapati naiacha, ikikataa kukunjika kabisa naiacha pia. Nilitaka inayojikunja pale vidole vinapojikunja. Nilibonyeza kisigino kwa dole gumba nione kama kina mfupa ndani wa kukisimamisha. Nilikagua gundi, maana kiatu kilichokaa sana stoo kinapendeza machoni halafu soli inabanduka kwenye mteremko wa kwanza. Nilijaribu jioni tu, miguu ikiwa imevimba kwa kusimama kutwa.

Muuzaji alinichoka. "Mama, hizo ni za kiume. Za kike si hizi hapa?" Akaninyooshea viraba vya rangi ya waridi, laini kama sponji.

"Mawe ya kwetu hayaulizagi kama wewe ni mwanamke," nikamwambia.

"Basi mpelekee mzee."

"Mzee gani? Nakimbia mimi."

Vilikuwa vya kijivu, soli ina meno yaliyoshiba, na kitambaa cha juu kiliachia maji kikakauka kabla sijafika Bunda. Mbele vilikuwa na nafasi kidogo, kama nilivyotaka, ili vidole visigonge nikiteremka. Mume wangu alivicheka, kisha akavizoea. Yeye maisha yake yote alivaa katambuga za tairi. Ukimvalisha kiatu cha kufunga, alitembea kama mtu aliyekanyaga miiba, na ni Jumapili tu alipojilazimisha.

Majirani hawakuzoea. Mama wa watoto akipita mbio alfajiri, kwao kulikuwa na jambo moja tu. Walitoka nje wakijifunga kanga na kuniuliza, "Nani amekufa?" Nilikuwa nacheka, nawajibu hakuna, nakimbia tu. Wakati ule bado nilikuwa na kicheko cha kuwagawia.

Asubuhi mume wangu alipoanguka zizini, nilikimbia na viatu hivyo hivyo hadi kwa mwenye gari. Siku hiyo hakuna aliyeuliza kitu. Gari lilikuja, lakini yeye hakulingoja.

Siku ya kuanua matanga, baada ya sala, wazee wa ukoo walitandika mkeka uani ili vitu vyake vigawanywe kwa ndugu. Koti lake likawekwa, mashati, redio, fimbo, zile katambuga. Nilikaa pembeni na wanawake nikitazama. Halafu baba yake mdogo akaenda mlangoni, pale viatu vyangu vilipokuwa vimekaa tangu siku ile, akavinyanyua kwa kamba na kuviweka mkekani.

Nilidhani amekosea. "Baba, hizo ni zangu."

"Mwanamke hanaga viatu vya hivi," akasema. Hata kunigeukia hakunigeukia.

Nikamtazama mama mkwe. Yule mama alikuwa akiniona navifua kila wiki. Ni yeye aliyekuwa akinifokea niviondoe mlangoni, vinanuka dagaa! Aliinamisha macho akaanza kukunja pindo la kanga yake. Na wale wanawake niliokaa nao, wale wale waliokuwa wakiniuliza nani amekufa, wote wakawa mabubu ghafla.

Viatu akapewa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Baba mdogo akatangaza kwamba aliyepewa viatu ndiye atakayeangalia mji kuanzia sasa: ng'ombe, shamba na watoto. "Na mama yao," akamalizia. Watu wakaitikia.

Nilikuwa na hasira hadi masikio yakaziba. Kwenye mkeka ule waligawa vitu vya watu wawili, na mmoja wao alikuwa amekaa pale pale anapumua.

Nikarudi kwenye biashara nikiwa nimevaa ndala. Nikateleza mwaloni na ndoo kichwani, dagaa wote wakamwagika topeni. Shemeji naye akawa anakuja jioni, anakaa kwenye kiti cha kaka yake, ananiuliza nimetoka wapi, nimeuza kwa nani, kwa nini nimechelewa. Miguuni ana viatu vyangu, na kwa kuwa mguu wake ni mkubwa, amevikanyaga visigino. Shwap, shwap, uani kwangu. Kile kisigino nilichokibonyeza kwa dole gumba mbele ya muuzaji, yeye alikilaza chini.

Siku moja nikamkuta stendi ya Bunda, amesimama na wenzake anapiga soga. Nikatua mzigo.

"Vua," nikamwambia.

"Shemeji, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Vua."

"Hizi nilipewa na wazee. Ni za marehemu."

"Marehemu alikuwaga anavaa katambuga. Wewe mwenyewe ulikuwaga unamcheka. Umesahau?"

Akacheka, akiwageukia wenzake wamsaidie. Mama mmoja muuza mahindi ya kuchemsha akamtazama miguuni. "Kaka, kama ni zako, mbona zimekushinda kuvaa?"

Stendi nzima ikaangua kicheko. Akavua. Nikaviokota nikamwambia na mji naangalia mwenyewe, akawaambie wazee wake. Akaondoka akirukaruka kwenye kokoto za moto kutafuta bodaboda. Sikumwonea huruma, na mpaka sasa sijamwonea.

Nilivipeleka kwa fundi pale pale. Akashona, akagonga, akanirudishia huku anatikisa kichwa. Ule mfupa wa kisigino ukishavunjika, haurudi.

Alfajiri iliyofuata nilikaa kizingitini nikifunga kamba. Mama mkwe akatoka nje, akaviona.

"Mbio za wapi tena asubuhi hii? Nani amekufa?"

"Mwanao ndiye aliyekufa, mama," nikamwambia. "Mimi bado."

Nikakaza fundo la pili, nikashika kijia cha mawe, na kisigino cha kulia kikapwaya njia nzima.