Maji Safi ya Oyoo

Kama umewahi kununua sukuma wiki pale soko la Kangemi, zile zenye majani ambayo mtu anaweza kujikinga nayo mvua, basi umekula jasho la Oyoo na asante hukusema. Usijali, hana kinyongo. Mzee huyu alitoka Ugenya na suruali mbili, moja ikiwa ya kaka yake, akafungua na kufunga lango la ghorofa moja kule Kileleshwa kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu akakodi kipande cha mteremko, chini ya banda la kuku la Mbuthia, mwenye nyumba wake, na juu ya ploti ya vyumba vya kupanga vya huyo huyo Mbuthia. Sasa chukua mtu aliyewafungulia wenzake lango robo ya karne, mpe udongo anaouamuru mwenyewe. Oyoo akawa mfalme wa miche mia nne.

Na maneno alikuwa nayo. Katikati ya shamba alichimba kisima kidogo cha kumwagilia, na kila aliyepita alionjeshwa apende asipende.

"Onja. Hii ndio maji. Ile ingine mnakunywa ni mvua imechoka."

Nyumbani, kwenye vyumba viwili pale pale ploti, aliishi na mkewe Peres na mjukuu wao Mercyline, miezi mitatu. Mama wa mtoto, binti yao Emmah, alikuwa amerudi Kileleshwa kwenye kazi ya nyumba, kazi ya kulala huko huko, na Jumapili ndiyo siku yake ya kuja. Kwa hiyo mtoto alinywa maziwa ya mkebe, na Peres ndiye aliyeyakoroga kwa maji ya kisima cha ploti. Mama yule hana mchezo na viini. Alichemsha maji mpaka yabaki nusu sufuria, ndipo aridhike kwamba kila kidudu kimekufa na kuzikwa.

Jambo moja tu lilimkera. Chupa yao ya chai, ile ya kuweka moto, kizibo chake kilivunjika zamani, na tangu Januari hata kifuniko, kile cha kunywea kama kikombe, kilikuwa kimepotea. Waliiziba kwa gunzi la mahindi, na chai ikawa inapoa kabla ya saa nne.

"Baba Emmah, kifuniko ya chupa ilienda wapi?"

"Vitu hupotea, mama," Oyoo alijibu bila kugeuka.

Hicho kifuniko kiweke mfukoni, tutakihitaji.

Jumatano moja ya Mei, masika yakiwa yameloweka kila kitu, Peres aliona midomo ya mtoto imekuwa kama ya mtu aliyekula zambarau. Kucha vile vile. Na mtoto hakulia. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, maana Mercyline mdomo wake ameurithi kwa babu. Mbuthia alikuwa akilisha kuku. Aliposikia Peres akiita, aliacha ndoo pale pale akawasha gari.

Hospitalini walimwekea mtoto hewa ya mtungi, kisha wakamdunga dawa ya rangi ya buluu ili kumtoa ubuluu. Msicheke, ndivyo ilivyo, na ilifanya kazi. Kabla ya jioni midomo ilirudi kuwa myekundu na mayowe yakarudi nayo. Oyoo aliyasikia akiwa kwenye benchi la nje, akavuta kofia usoni.

Nesi aliyewahudumia, Nasimiyu, aliuliza habari ya maji.

"Nachemsha sana," Peres alisema, na alilisema akiinua kidevu. "Mpaka inabaki nusu."

Nasimiyu aliweka kalamu chini. "Mama, kuchemsha kunaua viini, hapo ulifanya vizuri. Lakini kuna kitu inaitwa nitreti. Inatoka kwa mbolea, au kwa choo, inazama na mvua mpaka kwa kisima. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Hiyo haifi kwa moto. Maji inapungua, yenyewe inabaki. Ni kama mchuzi ukikaukia, chumvi inazidi. Sisi wakubwa tunastahimili. Mtoto mchanga, damu yake inashindwa kubeba hewa."

Peres alirudi nyumbani na mtoto mgongoni. Huko alisema, "Ni mimi nilimpikia." Kesho yake akalirudia akianika nguo. Keshokutwa akichambua maharagwe.

Emmah alimchukua mtoto akaenda naye Kileleshwa. Mwajiri wake, Mungu amzidishie, alikubali wakae wote kwa miezi miwili tu. "Hatarudi hapa," Emmah aliwaambia wazazi wake, "mpaka mnionyeshe maji imechafuliwa na nini, na hiyo kitu ikome." Nyumba ikawa kimya hata Oyoo, ambaye zamani alilalamika kwamba kilio kinamzuia kusikia taarifa ya habari, akawa haiwashi redio.

Basi hospitali ikatuma habari kwenye maabara moja ya katikati ya jiji, na wiki iliyofuata akaja msichana mwenye gambuti miguuni na sanduku la barafu mkononi, jina lake Ciru. Kazi yake ni kufuata nitreti chini ya ardhi kama vile askari anavyofuata mwizi. Oyoo alipousikia mfano huo alijiteua msaidizi. Si alikuwa askari wa lango? Nani wa kumwonyesha huyu mtoto wa watu mwizi anaingilia wapi?

"Daktari," alimwambia, "mimi nishamjua. Ni kuku ya Mbuthia. Mavi yote hiyo inaenda wapi?"

"Mimi si daktari, mzee. Na tusifunge mtu kabla ya kupima."

Walianzia juu wakateremka. Kisima kilicho juu ya banda la kuku, kisima kilicho chini yake, mfereji wa maji ya jiji nyumbani kwa Mbuthia, kisima cha ploti, na kile cha majirani kilicho kando ya vyoo. Chupa tano. Ciru alimpa Oyoo kalamu aandike mahali kwenye kila moja, na kwenye ile ya chini ya banda mzee aliandika kwa herufi kubwa: KWA KUKU (MSHUKIWA).

Ciru alipotaka kufunga sanduku, Oyoo alimzuia. "Ngoja. Uko na maji chafu peke yake. Utalinganisha na nini?" Akachota kwenye kisima chake cha shambani, akaonja kwanza, akajaza chupa ya sita, akaandika: MAJI SAFI YA OYOO.

Wiki tatu baadaye aliitwa mjini. Alivaa koti la kanisani, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne kwa sababu lifti haiamini. Ciru alimkalisha, akamwekea karatasi mezani.

"Mwisho wa kunywa ni hamsini," alimwambia. "Mfereji wa jiji, mbili. Hii ya juu ya kuku ni sita. Chini ya kuku, kumi na nane. Kwa vyoo, ishirini na tatu. Kisima cha ploti, tisini na nne."

"Niliwaambia!"

"Mzee, soma ya sita."

Ya sita ilikuwa mia mbili na kumi.

Oyoo aliitazama ile namba kama mtu anayetazama ng'ombe sebuleni. Ciru akamweleza polepole. Nitreti ina alama yake ndani, kama ng'ombe wa wizi anavyojulikana kwa chapa. Ya mavi ina yake, ya mbolea ya dukani ina yake. Wamepima hata hiyo alama. "Si ya kuku. Si ya choo. Ni ya mbolea ya gunia. Unatia fatalaiza kiasi gani?"

"Vile niliambiwa dukani. Kifuniko ya chupa kwa kila mche. Na mimi si mlafi. Niliona ni mingi, nikawa natia robo."

"Robo ya kifuniko cha soda?"

"Soda gani?"

Chini barabarani mchuuzi alikuwa akiimba bei ya soksi.

"Chupa," Oyoo alisema, sauti ikimpungua. "Si chupa ni ya chai?"

Ciru alijitahidi. Mungu ni shahidi alijitahidi. Kisha akacheka mpaka akashika meza, na Oyoo, ambaye hajawahi kuchekwa bila kujibu, hata hakumsikia. Alikuwa akihesabu kichwani. Miche michache iliungua mwanzoni. Yeye aliizidishia maji, asubuhi na jioni, na maji yalishuka na kile yalichokibeba.

"Karatasi ni yako," Ciru alimwambia akishafuta macho. "Ukitaka, nitakuja kuwaelezea mimi."

Aliteremka ngazi, akasimama karibu na yule mchuuzi wa soksi. Ploti nzima ilikuwa imeshaamini ni kuku. Karatasi ilikunjika vizuri, ingeenea hata kwenye kiatu. Aliikunja. Halafu akamsikia Peres, wazi kama yuko hapo: ni mimi nilimpikia. Akaikunjua.

Alipofika Kangemi alipitia shambani kwanza, akafukua chini ya magunia. Nyumbani alimkuta Peres mlangoni na Mbuthia akifunga mpira wa maji alioutoa kwenye mfereji wa kwake hadi ploti, ili watu wapate maji ya jiji. Hakuna aliyemwomba. Oyoo aliweka kifuniko miguuni pa mkewe.

"Mama Emmah, si wewe. Ni mimi na hii."

Akaeleza yote, mpaka soda. Peres alikiokota kifuniko, akakigeuza. Vidonge vyeupe vya mbolea bado vilikuwa vimeganda ndani.

"Tangu Januari," alisema, "nakunywa chai baridi."

Kisha akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na kilio hicho kilikuwa cha mtu anayetua mzigo. Oyoo alikaa chini sakafuni kando yake.

"Na kuku yangu?" Mbuthia aliuliza.

"Hawana kesi."

"Usiniambie mimi. Waambie wenyewe."

Na Oyoo alipanda mteremko, akavua kofia mbele ya banda, akawaomba kuku msamaha. Walioona ni wengi.

Siku hizi kifuniko cha soda kinaning'inia shingoni mwake kwa uzi. Ciru hurudi kila baada ya miezi mitatu. Namba inashuka pole pole, maana maji ya chini hayana haraka ya kusahau, na kisima cha ploti hakinywewi bado. Sukuma zimepungua ukubwa kidogo. Yeye anasema ni ladha imeongezeka.

Mercyline alirudi Jumapili ya kwanza baada ya Emmah kuisoma ile karatasi, mgongoni kwa mama yake, akipiga kelele tangu langoni. Peres aliandaa chai kwa wote, Ciru na Mbuthia wakiwemo, na chupa ilikuwa na gunzi lake, kwa sababu kile kifuniko alikataa kirudi jikoni. Oyoo akaombwa ashukuru. Alimshukuru Mungu kwa Nasimiyu na dawa ya buluu, kwa Ciru na sanduku lake, kwa mwajiri wa Emmah, kwa gari la Mbuthia, kwa mpira wa Mbuthia, kwa kuku wa Mbuthia. Na alipofika kwa mke aliyechemsha maji kwa mapenzi, alikohoa mara mbili, akaanza upya kwenye kuku.

"Baba Emmah," Peres alisema taratibu, macho yamefumbwa, mtoto mapajani, "sema amina. Chai inapoa."