Nilimtoa Dada Ndani Nikampeleka Kwenye Miamba Myekundu

"Umenileta nione mawe, au umenileta watu wanione?"

Dada yangu aliniuliza hivyo tukiwa chini ya miamba myekundu, na mimi, ninayejulikana ukoo mzima kwa kuwa na jibu la kila kitu, nilijifanya natafuta njia. Nilimkosea. Naandika bila jina kwa sababu kwetu Mbulu watu wanajuana, lakini kosa ni langu na sitalipunguza.

Dada huyu ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Nitamwita Basilisa. Ameolewa upande wa Hanang, kwa Wairaqw wenzetu. Alikuwa amefiwa na mtoto wake wa kwanza, binti aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Kwa mila yetu, mama aliyefiwa hivyo hujitenga na majirani kwa miezi, msiba wake usiwaambukize. Hapiti mashamba ya watu, hachoti maji kwenye chemchemi ya wote, na hata ng'ombe wa nyumba yake huchungwa peke yao. Muda ukitimia, wazee humtoa rasmi. Familia nyingi za Kikristo zimeacha au zimefupisha. Kule kwa Basilisa bado wanaishika.

Mimi nilikuwa nimetoka tu kumaliza chuo. Nilihoji mahari, nilihoji mahubiri, nilimhoji baba mpaka akawa anahamisha kiti chake. Nilipofika Hanang kumpa dada pole, nilimkuta mama mkwe wake uani anapepeta maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzio yuko chumba cha nyuma. Kaa naye, ila usimchokoze."

"Mama, mtoto alikufa kwa nimonia. Sasa huyu anamwambukiza nani, na nini?"

Hakuacha kupepeta. "Ulisomea udaktari?"

"Hapana. Sosholojia."

"Hiyo ni ya nini?"

"Ni elimu ya watu na jamii zao."

"Basi vizuri," alisema. "Sisi ndio hao."

Nilicheka, nikadhani nimemshinda.

Jumapili mama mkwe alikwenda kanisani. Shemeji, mume wa Basilisa, alikuwa Babati kwenye kazi zake za ujenzi. Nikamwambia dada avae, tunatoka.

"Kwenda wapi?"

"Kwenye miamba. Watu wanatoka mbali kuja kupiga picha, wewe unaishi hapa na hujawahi kuiona."

"Nimeiona nikikata kuni."

"Leo utaiona kama mtu."

Hilo neno, kama mtu, nalikumbuka nikiwa jikoni, nikiwa njiani, nikiwa naomba. Alisitasita, kisha akajifunga kitenge. Nilichukulia kule kuvaa kama kukubali.

Pale mahali ni pazuri, siwezi kudanganya. Mawe ya mchanga yamesimama mekundu kama matofali yaliyotoka tanurini, mengine marefu kama vichuguu, mengine yamepangana kama magunia ghalani. Ukipitisha kidole unabaki na unga mwekundu. Nilimweka Basilisa kwenye uwazi kati ya miamba miwili, nikatoa simu.

"Cheka kidogo."

Hakucheka.

"Dada, maisha yanaendelea. Bado kijana, utapata mwingine."

Akacheka. Leo najua mtu anaweza kucheka ili aachwe. Nilipiga picha ile na nikaiweka kwenye statasi palepale, na maneno ya kujigamba kuhusu mila zinazofunga wanawake.

Wakati wa kurudi aliniomba tuzunguke kwa juu. Nikamwambia juu ni mbali, nikamshika mkono, nikampitisha njia ya chini, ambako chemchemi inatoka kwenye nyufa za mwamba. Pale alikuwepo jirani yao mmoja, ndoo yake imejaa. Alimwangalia Basilisa, akaniangalia mimi. Aliinamisha ndoo, akamwaga maji yote, akaondoka nayo tupu.

Ndipo dada aliponiuliza swali lile.

Kilichofuata mimi sikukibeba. Nilipanda basi kurudi kwetu. Majirani walisema Basilisa ametoka bila kutolewa na amefika kwenye maji ya watu, kwa hiyo aanze upya. Msimu wa kupanda ukaja. Shamba lile lilikuwa linalimwa na wanawake wa jirani kwa zamu ya kusaidiana, na safari hii hawakuweza kukanyaga. Mama mkwe, na umri ule, alilima na shemeji tu, jioni akachunga ng'ombe. Nilimpigia simu huyo mama mkwe nimwombe radhi, nikajikuta namweleza kwamba kisayansi maji yale hayakuwa na tatizo.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," alisema, "hakuna aliyekuuliza habari za maji."

Basilisa hakupokea simu yangu. Alipojifungua tena, nilisikia kwa watu. Mtoto ana jina, mimi nalijua kwa kuambiwa.

Bado sikubali kwamba msiba unaambukiza. Sina imani hiyo na sitaigiza. Lakini wewe unayesoma, uliyerudi nyumbani na elimu yako na huruma yako, nakuomba: kabla hujamfungulia mtu mlango, muulize yeye. Mimi nilimhoji kila mtu kwenye ile nyumba isipokuwa aliyefiwa.

Miaka ikapita. Nikakutana na shemeji stendi ya Mbulu, amekuja kununua mbegu. Nilimwamkia, akaitikia vizuri tu. Nikamwambia najuta, ila nia yangu ilikuwa kumtoa dada kifungoni.

Akaniambia kwamba wiki ile niliyofika, wazee walikuwa wameshakuja kumtoa. Basilisa ndiye aliyewaomba wamwache akae ndani mpaka amalize kulia.