Bampa la Plastiki na Siagi ya Akko Talaso

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa gari hata moja. Fundi Mkuu wa karakana ya serikali hapa Isiolo, mzee mfupi mwenye sauti kubwa, alinishika viganja, akavinusa kama mtu anayekagua nyama buchani, kisha akaniuliza, "Asubuhi umekula nini?"

"Mandazi, mzee."

"Na ukakuja kwangu na hii mikono? Enda unawe. Sabuni iko pale, majivu iko pale. Ukirudi na harufu ya mafuta, panda lori urudi kwenu Meru."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Sikuwa kijana. Nilikuwa na mke na watoto, na nilikuwa nimeliacha shamba la baba baada ya kuona halitatutosha mimi na ndugu zangu. Nilinawa, akanusa, akanirudisha tena kwenye majivu. Aliporidhika ndipo aliponieleza. Rangi ya gari na mafuta havikai pamoja. Mahali palipoguswa na kidole chenye mafuta, rangi hujikunja na kuacha vishimo vidogo vya mviringo. Sisi tuliviita macho. Gari likitoka na macho, hakuna atakayeuliza fundi alikula nini; watasema tu hajui kazi.

Tangu siku ile sikujipaka mafuta mikononi. Viganja vyangu vilipauka mpaka watoto nyumbani wakaniita Bwana Chokaa. Hata nyirinyiri, ile nyama ya Waborana inayokaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake, niliila kwa kijiko, na watu hotelini mtaani Bulla Pesa wakaangua kicheko. Niliwaacha wacheke. Magari yao niliyapaka mimi.

Siku hizi naona kijana anapewa bunduki ya rangi kabla hajajua kushika msasa. Mimi nilipiga msasa mwaka mzima kwanza, milango na mabati ya Land Rover, msasa wa maji mpaka ncha za vidole zikawa laini kama za mtoto. Fundi Mkuu hakukagua kwa macho. Aliyafumba, akapitisha kiganja juu ya bati taratibu, akasimama ghafla. "Hapa kuna bonde," alisema. Mimi sikuona kitu. Nilipopitisha kiganja changu nikalikuta bonde lenyewe, na nakiri nilifurahi kama niliyeokota dhahabu.

Baadaye nilihamishiwa Marsabit. Msimamizi wa Karakana wa huko alikuwa mtu wa maneno machache, lakini alinifundisha ukungu. Rangi ikipigwa kwenye ukungu hupauka, inakuwa kama imemwagiwa maziwa, kwa hiyo tulisubiri jua lipande ndipo tuanze. Niliporudishwa Isiolo, safari hii nikiwa mimi ndiye Fundi Mkuu, ikabidi nigeuze kila kitu. Hapa adui ni upepo. Jua likishapanda kidogo tu, vumbi linaamka na kuja kukaa juu ya rangi mbichi bila kukaribishwa. Nilikuwa nanyunyizia ua wa karakana maji alfajiri na kupiga rangi kabla upepo haujaanza kazi yake.

Ndipo yakaanza kuonekana magari madogo yenye bampa la plastiki. Msimamizi wetu wa Isiolo aliyatazama kwa dharau. "Hiyo ni ndoo," alisema. "Nani anapaka ndoo rangi?" Kweli, mafundi wawili watatu mjini walikuwa wamejaribu, na rangi yao ilibanduka kama ganda la yai.

Jumamosi moja Guyo, mfanyabiashara wa ng'ombe, alinijia nyumbani kwangu Bulla Pesa. Gari lake lilikuwa jipya, jeupe, la kwanza katika ukoo wao, na bampa la mbele, ambalo lilikuwa la kijivu, lilikuwa limekwaruzwa na nguzo ya zizi.

"Salaam aleikum, Fundi."

"Aleikum salaam, Guyo. Nyumbani wazima?"

"Wazima. Fundi, dada yangu anaolewa Jumapili ya wiki ijayo, na hii gari ndiyo itambeba. Nataka bampa iwe nyeupe kama gari. Watu wanasema nipeleke kwa mafundi wa Nanyuki. Lakini nikipeleka hii Nanyuki, kila mtu mwenye plastiki atanifuata huko."

Nilielewa vizuri alichokuwa akisema. Jina langu lilikuwa mlangoni, ama liingie ama lifukuzwe. Niliomba likizo, nikaazima kompresa ya fundi wa pancha jirani, nikalifungua bampa na kulilaza juu ya magunia.

Plastiki haitaki nguvu. Ukiisugua kavu inaota vinyweleo, kwa hiyo nilitumia msasa laini na maji ya sabuni. Mkwaruzo mkubwa niliuziba kwa puti nyembamba sana, maana puti nene hupasuka bampa linapojipinda. Thina, ile ya kuyeyushia rangi, niliipitisha haraka kwa kitambaa, kwa sababu ikikaa inayeyusha plastiki. Nilifumba macho, nikapitisha kiganja kutoka pembe hadi pembe. Hakukuwa na bonde wala kilima. Alfajiri nikapiga praima, ile rangi ya chini inayoishika ya juu.

Macho yakatokea. Bampa zima lilinitazama.

Nilikwangua, nikaosha, nikarudia. Macho yakarudi. Nilinusa mikono yangu, nikamshuku fundi wa pancha na kompresa yake, nikamshuku hata mke wangu aliyekuwa akikaanga vitunguu upande wa pili wa ua. Alhamisi ikafika bampa likiwa uchi. Nilikuwa na hofu, na hasira juu ya ile hofu.

Ijumaa asubuhi aliingia uani mama mzazi wa Guyo, bibi mwembamba aliyejulikana mtaa mzima kama Akko Talaso. Akko kwa Kiborana ni bibi. Alinisalimu, akatoa kibuyu kidogo ndani ya shuka yake, akachota siagi kwa vidole na kuinama kwenye bampa.

Nilipiga kelele. "Akko! Unafanya nini?"

"Ninabariki gari ya mtoto yangu. Kila Ijumaa ninapaka hapa mbele. Wewe hujui?"

Nilikaa chini kwenye magunia. Wiki baada ya wiki siagi ilikuwa imenywewa na ile plastiki isiyo na rangi, na maji yangu baridi yalikuwa yanaiosha juu juu tu. Nilimweleza kwamba lazima niitoe yote.

Uso wake ukabadilika. "Kijana yangu mkubwa alikufa kwa lori, barabara ya Marsabit. Siku hiyo nilikuwa mbali, huko Biliqo kwa mifugo. Hakuna mtu alibariki hiyo lori. Sasa wewe unataka kufuta? Basi bibi harusi ataenda kwa miguu."

Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma pia. Niliinua lile bampa nikaligeuza, na ndipo nikaona kitu ambacho miaka yote ya kazi sikuwahi kukifikiria. Bampa lina mgongo. Rangi haifiki huko.

"Akko, nje uniachie mimi. Nikimaliza, utapaka huku ndani. Jua halitaikausha na mvua haitaiosha. Hakuna mtu ataifuta."

Aliupapasa mgongo wa bampa kwa muda mrefu. "Ndani ni karibu na mtoto," akasema. "Sawa. Lete mikono nikubariki na wewe."

Niliificha nyuma. "Siwezi, Akko. Niko kazini."

"Basi siku kazi ikiisha, uniambie."

Niliosha bampa kwa maji ya moto na sabuni, nikalifuta kwa thina, kitambaa kipya kila mara. Jumamosi alfajiri nikapiga praima, ikatulia. Nikapiga nyeupe, safu nyembamba juu ya safu nyembamba, nayo ikalala kama maziwa ndani ya bakuli. Jumapili, kabla sijalifunga, Akko Talaso alipaka siagi yake mgongoni. Bibi harusi alipita Bulla Pesa na watu wakasimama kutazama gari. Msimamizi alilizunguka, akagonga bampa kwa kidole. "Hii ndoo imependeza," akasema. Nanyuki hawakupata gari hata moja kutoka kwetu.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya themanini, kifua kilipoanza kunidai ile harufu ya thina. Sijutii. Bado nikiona gari kuukuu barabarani najua kama ni mkono wangu, na mara nyingi ni mkono wangu.

Jioni ya siku niliyorudisha funguo za karakana, nilimkuta Akko Talaso amekaa kwenye kigoda mlangoni pangu, amezeeka sana, kibuyu mapajani.

"Guyo ameniambia. Kazi imeisha?"

"Imeisha, Akko."

"Lete mikono."

Nilimpa. Alipaka siagi viganja vyote viwili, taratibu, akinong'ona dua zake kwa Kiborana, mpaka ile chokaa ya miaka yote ikapotea. Alipoondoka nilivinusa viganja vyangu kama alivyovinusa Fundi Mkuu siku ya kwanza. Sikwenda kunawa.